Mahira na Mapembea ya Makadara

Mji wa Kale, Mombasa
14 Januari 2024

Kwa kaka yangu Sabir,

Assalaam aleikum warahmatullah. Nakuandikia sisi huku tukiwa wazima, na dua yangu ni kuwa barua hii ikukute nawe u mzima huko Ajman, umekula vyema na hujagombana na mtu. Khalti Mwanakuu anakusalimu sana. Magoti yanamsumbua, ulimi bado. Jamaldin, babake Mahira wangu, yuko Tudor kwa mke wake mpya. Vitu vya mwanawe huvileta mpaka mlangoni chini, akampa mpangaji, akaenda zake bila kupanda ngazi. Hapo sina la kuongeza.

Uliposema tuache simu na meseji, turudie barua kama zile alizotuandikia marehemu baba alipokuwa melini, sikubisha. Umesema huko simu hazishiki vizuri, na mimi kwa upande wangu nilifurahi. Simu ikilia humu ndani Mahira hujikunja pembeni akaziba masikio, na kumtuliza ni kazi ya nusu siku. Kwa hiyo naizima. Watu wanasema Khairiya ana maringo, hapokei simu.

Mahira sasa ana miaka minane. Kusema bado hasemi. Adhana haimsumbui, alhamdulillahi, huisikiliza ametulia kabisa. Kinachomuumiza ni vile kipaza sauti kinavyogongwa kwa kidole kabla ya kuadhini. Pikipiki zikipita uchochoroni ndiyo balaa. Lakini muuza kahawa akigonganisha vikombe vyake, mtoto hukimbilia dirishani kabla mimi sijasikia kitu. Kwa nini hiki kimuume na kile kimfurahishe, sijui, na hakuna wa kumuuliza.

Sasa hili ndilo lililonikalisha kuandika. Unakumbuka Idd kwetu ilivyo: Khalti hukusanya wajukuu wote, wamevaa mapya, wana pesa zao za mkono wa Idd mifukoni, akawatembeza mpaka uwanja wa Makadara kwenye mapembea. Mahira hajawahi kwenda hata mara moja. Hubaki juu na mimi, tukawatazama wakitoka na tukawatazama wakirudi. Mwaka huu Khalti ameapa kwamba mtoto aliyebeba jina la dada yake, mama yetu, hatafungiwa ndani Idd nyingine. Asema nimemlea kwa kumficha, ndiyo sababu hazoei watu.

Wewe ni fundi wa mapembea, tena yale makubwa ya Waarabu, unaona watoto kila siku. Nimpeleke? Nitafanya utakavyosema, maana hapa sina mwingine wa kumuuliza.

Nduguyo,
Khairiya


Ajman
18 Februari 2024

Mdogo wangu Khairiya,

Waaleikum salaam. Barua yako nimeipokea kwa mkono wa Sheikha, binti wa Bi Mwanaesha, aliyerudi kazini juzi. Ameniletea na kachiri za muhogo, nusu zimevunjika, nusu kazila yeye njiani na hakuona haya kukiri. Mimi mzima. Chumbani tumejazana mafundi wa kila taifa, kila mmoja anaringia chakula cha kwao, lakini nikipika wali wa nazi kelele zote huisha na sahani zote huwa safi. Mwambie Khalti apake mafuta ya karafuu magotini. Ulimi asiupake kitu, tutaukosa.

Kuhusu mama yangu Mahira: mpeleke. Wala usimpeleke asubuhi kama mtu anayeiba. Mpeleke jioni uwanja umejaa, taa zimewaka, aone watoto wenziwe wanavyofurahi. Mimi huona hapa kila siku. Watoto wengi huja wakilia, na wakati wa kuondoka hulia tena kwa sababu hawataki kuondoka. Kelele ni kitu cha kuzoea, Khairiya. Nilipoanza kazi kwenye chumba cha mitambo, chini ya lile gari-moshi la kupanda na kushuka, nilidhani kichwa kitanipasuka. Baada ya muda hata sikuzisikia tena.

Sheikha atakuja nyumbani kabla ya Idd, nitampa gauni la Mahira na viatu. Gauni ni la rangi ya ndimu, nimelichagua mwenyewe na muuzaji amenisifu, ingawa alikuwa na haja ya kuuza. Mpige picha akiwa juu ya farasi wa pembea. Nataka kuibandika ukutani hapa juu ya kitanda, nao wajue kuwa nina watu.

Nduguyo akupendaye,
Sabir


Mji wa Kale, Mombasa
20 Aprili 2024

Kwa kaka yangu Sabir,

Assalaam aleikum. Idd imepita salama na nyumba zote hizi zilikula vizuri. Mpangaji wetu wa chini amepata mtoto wa kiume. Paa la upande wa msikitini nimelitengeneza kabla ya masika. Sheikha ameleta gauni na viatu, nakushukuru, vilimkaa sawasawa.

Makadara tulikwenda, na tumerudi.

Picha sina. Gauni limechanika mgongoni, nitalishona nikipata nafasi.

Nduguyo,
Khairiya


Ajman
9 Juni 2024

Mdogo wangu Khairiya,

Salamu nyingi, na Idd ya kuchinja iwakute na kheri. Huku joto limeanza, tunafanya kazi kama mikate kwenye tanuri.

Hiyo si barua uliyoniletea. Nimeisoma imekwisha kabla sijakaa vizuri. Nilikuuliza habari za mtoto, wewe wanieleza habari za paa. Sheikha nimemuuliza, akatazama pembeni na kusema nikuulize wewe. Limetokea nini? Kama mtoto alilia, watoto hulia. Usikate tamaa kwa safari moja, mpeleke tena Idd hii.

Likizo yangu mwaka huu pia sitakuja. Kazi ni nyingi na mafundi wachache. Usinihesabie.

Sabir


Mji wa Kale, Mombasa
22 Septemba 2024

Kwa Sabir,

Assalaam aleikum. Sote wazima. Khalti hajambo, sijui zaidi, kwa kuwa haji kwangu na mimi siendi kwake.

Nimekaa na barua yako muda wote huu. Mara nyingi nimeshika kalamu nikaiweka. Leo naandika kwa sababu nimechoka kunyamaza peke yangu.

Tulikwenda jioni, kama ulivyosema. Tulipofika karibu na uwanja akaanza kunivuta nyuma, na mimi nikamvuta mbele, kwa kuwa kaka yangu fundi kasema atazoea. Ndani kila pembea lilikuwa na spika yake na kila spika ina nyimbo zake, na jenereta zinanguruma, na wauzaji wanaita, na watoto wanapuliza firimbi. Mahira alinichomoka mkononi. Nilimtafuta katikati ya watu nikiita jina ambalo hawezi kuliitikia. Alikuwa kaingia uvunguni mwa pembea linalozunguka, kajilaza kifudifudi kwenye mafuta na mchanga, na vyuma vinapita juu ya mgongo wake. Gauni lako lilishikwa na chuma kikalipasua. Kingeshuka kidogo tu, ningekuandikia barua nyingine.

Mwenye pembea, Katana, alizima mtambo na kuingia chini kumtoa. Watu walijaa. Mmoja alisema ana shetani asomewe, mwingine akasema mama mtu kazi yake nini. Mtu akauliza mtoto wa nani huyu. Khalti alikuwa amesimama pale pale na wajukuu zake. Nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Simjui." Akawashika mikono akaondoka nao.

Nilimbeba mpaka nyumbani, mtoto wa miaka minane, ananipiga kichwa kifuani njia nzima. Tangu siku hiyo hashuki ngazi. Hata uani hafiki. Nami nikitoka kununua kitu natoka mbio na kurudi mbio, na siku nyingine sizungumzi na mtu mzima hata mmoja.

Khalti nimemwelewa, ni mzee na aliona haya. Wewe ndiye sikuelewi. Ulikuja mara ya mwisho Mahira akiwa wa kubebwa. Kila mwaka kazi, kila mwaka mafundi wachache. Wamlipa Sheikha mizigo alete nguo, lakini mwenyewe huji kumwona anayeivaa. Kama nawe unamwonea haya kama babake, sema. Nitaumia mara moja, niache kungoja.

Khairiya


Ajman
3 Novemba 2024

Mdogo wangu Khairiya,

Waaleikum salaam warahmatullah. Leo sina habari za mchele wala za chumbani.

Simwonei haya. Naapa kwa aliyeniumba. Nitakueleza jambo ambalo sijamwambia mtu wa nyumbani, hata Sheikha anashuku tu.

Sisikii, Khairiya. Sikio la kushoto limekwisha kabisa, na la kulia limebaki na mngurumo tu, kama mtu anayesukuma meza chumba cha pili. Ni ule mtambo. Tulipewa vizibo vya masikio, mimi nikaona ni mambo ya watu dhaifu, nikavitia mfukoni. Nilikuandikia kwa kujisifu kwamba baada ya muda sikusikia tena kelele. Huo ulikuwa ukweli, ila nilikuficha maana yake. Nilipojua masikio yanakwisha, nilianza kuogopa simu. Ukipiga, nitajibu nini? Ndiyo nikazua habari za barua za baba.

Mtu asiyesikia hajui sauti yake inafika wapi. Wenzangu hunionyesha kwa mkono nishushe. Nikishusha, baada ya maneno mawili imepanda tena.

Hapa wameweka asubuhi moja ya wiki ambapo muziki huzimwa na taa za kumetameta huzimwa, kwa ajili ya watoto kama Mahira. Huja wamevaa hedifoni kubwa, wanatembea na mama zao taratibu. Mwaka jana nilitoka chini na vyombo vyangu nikamwona msichana amesimama anatazama farasi. Alikuwa wa umri wa Mahira. Nilifurahi. Niliinama nikamwamkia "sabah al-kheir", kwa upole wote nilio nao, nilivyodhani. Yule mtoto alianguka chini kama aliyepigwa. Akaziba masikio, kinywa wazi, na mimi hata kilio chake sikukisikia. Mamake alinitazama. Mahali pote palizimwa kelele kwa ajili yake, na kelele iliyobaki ilikuwa mimi.

Basi nitakujaje kwako? Nipande ngazi zile niseme salamu, mtoto wa dada yangu aliyebeba jina la mama yangu akimbilie uvunguni? Nilionelea bora anijue kwa gauni. Na nilipokwambia umpeleke jioni, nilidhani yule aliangushwa na sauti yangu tu; nilikuwa nimesahau kelele ni kitu gani. Nisamehe hilo, mengine usinisamehe.

Sabir


Mji wa Kale, Mombasa
12 Januari 2025

Kwa kaka yangu Sabir,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako nimeisoma jikoni, nikaunguza samaki, nikaisoma tena. Nimekulilia masikio yako. Halafu nimekukasirikia sana, nataka ujue. Wewe huko umejifungia usinisumbue, mimi huku nimejifungia nisisumbue watu, na kila mmoja wetu anadhani mwenziwe ana raha.

Humu ndani hakuna anayehitaji maneno yako. Mahira hasemi, na mimi nimekwisha kuwa kama yeye. Njoo. Usinijibu kuwa kazi ni nyingi.

Ila nisikilize vizuri. Ukifika usibishe hodi. Najua tumelelewa vipi, na mama angekuchapa, lakini usibishe. Mlango wa chini nitauacha wazi. Panda tu. Mtu wa nyumba habishi hodi kwake.

Khairiya


Ajman
20 Aprili 2025

Mdogo wangu Khairiya,

Waaleikum salaam. Nimefika salama, na kitanda changu nimekikuta kimelaliwa na mtu mwingine, tumeelewana. Achari yako ya embe haikuvuka usiku wa kwanza.

Nimeacha sifa mbaya Mombasa. Mtu amekaa Arabuni miaka, anarudi, hatoi salamu kwa wakubwa, anatikisa kichwa kama mjusi. Khalti Mwanakuu nimembusu mkono nisiseme neno, akaniambia kitu, nadhani alinilaani. Nilijua ningeweza kumweleza, lakini dirisha lako lilikuwa juu yetu na Mahira yuko dirishani. Nikachagua kuchukiwa. Wewe mweleze pole pole, na kama hakubali, basi.

Zile siku za mwanzo alizokuwa akinitazama kutoka nyuma ya pazia, nilikaa pale kwenye ngazi nikijitengenezea feni yako mbovu. Siku aliyokuja akaketi ngazi ya juu yangu na kuniwekea miguu mgongoni, sikugeuka. Niliogopa kugeuka. Nilijifanya natafuta skrubu mpaka mgongo ukafa ganzi.

Na ile asubuhi ya siku ya pili ya Idd, mji umelala kwa uchovu wa sherehe, ukamvika zile hedifoni nilizomletea akakubali kushuka. Nilitembea mbele yenu sijui kama mnakuja au mmerudi. Sikuweza kusikia nyayo zenu na sikutaka kumtisha kwa kutazama nyuma. Kuanzia kwako mpaka Makadara nilitembea nikidhani huenda niko peke yangu.

Katana aliniandikia kwenye kiganja kuwa pembea haliendi bila mtambo. Nikamwonyesha mkanda unaolifunga na mtambo, tukaufungua pamoja, chuma kikawa huru, nikalisukuma kwa bega. Linazunguka hilo, ila ni zito kama deni la marehemu. Farasi mmoja tu ndiye aliyekuwa na mtu. Nilikuwa nasukuma nimeinama, kila akizunguka naona viatu vyake vinanipita. Halafu nikainua uso.

Khairiya, alikuwa anacheka. Kichwa nyuma, kinywa wazi, meno yote nje, na hedifoni zimemshukia shingoni. Nimeona watoto wangapi wakicheka juu ya mapembea, sijawahi kuona vile. Na mimi sikusikia kitu. Nilisimama nikaacha kusukuma, nikageuza sikio la kulia upande wake, nikasubiri azunguke tena. Hakuna. Mngurumo ule ule wa meza.

Tangu nirudi hilo ndilo linaninyima usingizi. Nimeharibu masikio yangu kwa mitambo ya kuchekesha watoto wa watu, na wangu alipocheka sikuwepo. Wewe ulikuwa umesimama pale karibu na farasi. Ulimsikia. Niandikie kicheko chake kikoje. Usikifupishe, nieleze kama unavyomweleza mtu aliyekuwa safarini.

Sabir


Mji wa Kale, Mombasa
11 Mei 2025

Kwa kaka yangu Sabir,

Assalaam aleikum warahmatullah. Sisi wazima. Khalti nimemweleza. Aliomba nimwekee kiti katikati ya ngazi zangu, maana magoti hayamruhusu kupanda zote. Jana alifika katikati, akapumzika, akashuka. Mahira alikuwa juu anamtazama. Mimi sikulazimisha.

Umeniuliza kuhusu kicheko. Nimejaribu kukitafutia maneno, nikaona bora nikwambie kilivyokuwa.

Hakikuwa na sauti, kaka. Nilikuwa karibu naye kiasi cha kumgusa goti, uwanja mzima kimya, na hakikutoka hata chembe ya sauti. Mtoto huyu ndivyo anavyocheka, kinywa wazi na mabega yakitikisika. Nami sijamwona akicheka hivyo mbele ya mtu mwingine.

Hukukosa kitu. Ulichokiona ndicho chote nilichokisikia mimi.

Nduguyo,
Khairiya